Begi Nyuma ya Mlango

Nilikuwa nimesimama kwenye jukwaa la treni pale Slussen, nikihamisha uzito kutoka mguu huu kwenda ule kama ilivyo kawaida yangu, simu ilipoita. Sauti ya mwanamume nisiyemfahamu ikaniuliza kwa Kiswidi kama mimi ndiye Debora aliyewahi kufanya kazi ya hemtjänst kule Vällingby. Hemtjänst ni ile kazi ya kuzunguka majumbani kuwahudumia wazee. Niliifanya mwaka mmoja tu, tena usiotimia, nikiwa na miaka ishirini na mbili, na sasa nina wajukuu wawili. Nikajibu kwamba ndiyo, ni mimi. "Naitwa Tomas," akasema. "Mama yangu amefariki wiki tatu zilizopita. Samahani kukusumbua, nina swali moja tu. Simeoni ni nani?" Treni yangu ikaja, ikafungua milango, ikaifunga, ikaondoka bila mimi. Simeoni ni jina la baba yangu. Nilidhani katika jiji hili zima hakuna anayelikumbuka bado ila mimi na mama, na mama halitamki.

Mambo ya ukoo wetu na safari yetu kutoka Uvira nitayaacha. Ni marefu, na kila nikianza kuyasimulia huwa nasimama katikati nikatafute kitu cha kufanya. Itoshe kusema kwamba tulifika wawili, mimi na mama, tukapewa fleti ndogo Vårby gård, kusini mwa jiji, na baba hakufika. Tulitengana naye siku moja ya Oktoba. Yeye alipanda njia ya milimani pamoja na wanaume wengine, sisi tukashika njia ya ziwani, na baada ya hapo hakuna mtu aliyeleta habari yake, mbaya wala nzuri. Kitu cha kwanza alichonunua mama hapa Sweden kilikuwa koti la kiume la baridi, jeusi, zito, kutoka duka la mitumba. Alilinunua kabla hajapata lake mwenyewe, akalitundika kwenye kulabu ya kwanza sebuleni, pale unapoingilia. "Baba yako akifika, baridi itamukamata," alisema. Chini ya koti hilo, nyuma ya mlango, aliweka begi lenye karatasi zetu zote, sukari na soksi nzito. Hakuna aliyeruhusiwa kulisogeza. Wanawake wa kanisa walipoanza kumhesabu pamoja na wajane, aliwajibu mbele ya watu: "Miye si mujane. Mujane ni ule mwenye alizika bwana yake. Miye nilizika nani?" Nami niliishi katikati ya koti na begi, nikipita hapo asubuhi na jioni, na sikumbuki mwaka ule kama niliwahi kukaa kwenye kiti nikamaliza kikombe cha chai.

Kwa hiyo kazi ile ilinifaa. Januari nilikabidhiwa rundo la funguo na orodha ya wazee, nikaanza kulikata jiji kutoka kusini hadi magharibi: mstari mwekundu wa treni mpaka katikati, wa kijani mpaka Vällingby, kisha theluji, ngazi, mlango, dakika thelathini, mlango mwingine. Mzee wa nne kwenye orodha alikuwa mwanamke mfupi wa karibu miaka sabini, aliyevunjika nyonga kwa kuteleza kwenye barafu. Mlangoni paliandikwa jina la Kiswidi la marehemu mumewe. Waswidi wote huitana kwa jina la kwanza, mtoto kwa babu, lakini mimi ulimi wangu ulikataa kumwita mtu wa rika lile Irena, kavu hivyo. Nikaona picha ya kijana ukutani, nikauliza jina lake, na kuanzia siku hiyo nikamwita Mama Tomas. Aliniuliza kwa nini. Nikamweleza kwamba kwetu mwanamke aliyezaa huheshimiwa kwa jina la mtoto wake. Akafikiri kidogo, akasema, "Nina miaka thelathini tangu nimzae. Wewe ndiye wa kwanza kunipa cheo," akaninyooshea mguu nimvalishe soksi ya kubana.

Jiko lake lilikuwa na meza dirishani na viti viwili. Yeye alikalia kile kinachotazama mlango, hata jua la dirishani lilipompiga shavuni. Wiki ya pili nilikuwa napiga deki, nikakuta begi la ngozi nyuma ya mlango wa nje, nikalisogeza kwa mguu. Alipiga ukelele jikoni kama nimemkanyaga yeye. "Rudisha!" Nikalirudisha, na kwa sababu siwezi kunyamaza nikiwa na hofu, nikasema, "Hata mama yangu analo. Analiweka hapo hapo." Kisha akauliza kutoka jikoni, "Ndani ameweka nini?" "Karatasi. Sukari. Soksi." "Sukari ya unga au ya vipande?" "Ya unga." "Mwambie aweke ya vipande, haimwagiki." Nilipoaga siku ile alinipa paketi nzima ya sukari ya vipande nimpelekee mama. Mama aliigeuza paketi mkononi, akaisoma mbele na nyuma asielewe hata neno, akafungua begi, akabadilisha. "Ule mama anajua kukimbia," akasema, na kutoka kinywani mwa mama hiyo ilikuwa sifa kubwa.

Tangu hapo nilikuwa nakimbiza kazi ya dakika thelathini nimalize kwa kumi na tisa, ili zinazobaki niketi naye. Naweza kusema ndiyo meza pekee niliyoiketia mwaka ule. Alipika supu ya kuku yenye madonge madogo ya unga na majani ya bizari, akisukuma bakuli mbele yangu: "Kula. Zimebaki dakika kumi na moja." Siku moja ya Machi, bila utangulizi, akaniambia yeye ni Myahudi. Alipokuwa na miaka kumi na mbili, mwanamke Mkatoliki aliyekuwa akiwafulia nguo aliwaambia askari kwamba huyu ni mpwa wake kutoka shamba. Wazazi na dada yake walichukuliwa, yeye akabaki, na vita vilipokwisha akaletwa Sweden kwa meli pamoja na yatima wengine. "Humu kwenye jengo hakuna anayejua," akasema, "na ibaki hivyo." Nikaahidi. Kisha nami nikamwambia habari ya kizuizi cha barabarani, ambayo sikuwa nimemwambia mtu yeyote kwa Kiswidi: vijana wenye mapanga waliuliza kabila, na jirani yetu, mwanamke tuliyekuwa tukigombana naye juu ya kuku zake, akawaambia kwamba mama ni mke wa mdogo wake na mimi ni mtoto wa nyumba yake. Alitulaza chini ya kitanda chake siku nne. Mama Tomas alisikiliza mpaka mwisho. "Wote wawili tumeokolewa na mwongo mzuri," akasema, akaniongezea supu.

Nilisisimka kupita kiasi. Kanisani kwetu, kwenye ukumbi wa kukodi karibu na stesheni ya Vårby gård, mchungaji aliweka kijibendera cha Israeli kando ya kile cha Sweden, na wazee wa kwetu walipenda kusimulia kwamba sisi Wanyamulenge, wafugaji wa milima iliyo juu ya Uvira, ni Wayahudi weusi, tulioshuka na mto Nili pamoja na ng'ombe wetu zamani za Biblia. Majina yetu ndiyo ushahidi, walisema: akina Debora, Simeoni, Ezra, Zakaria. Nikamwagia Mama Tomas yote hayo, nikitarajia afurahi kupata ndugu. Alicheka mpaka akashika nyonga. "Nyumbani kwetu tulikuwa Irena, Helena na Stefan," akasema. "Nyinyi ni Wayahudi kuliko sisi." Halafu uso ukabadilika. "Lakini niambie, wale vijana wa kizuizini walisema nini kuhusu nyinyi?" Nikasema, walisema sisi si wa pale, tumetoka mbali, turudi tulikotoka. "Mbali wapi?" "Misri," nikasema. "Uhabeshi. Kokote." Akaitikia kwa kichwa. "Sisi nasi tuliambiwa tumetoka mbali. Hadithi hiyo hiyo iliyowaua, nyinyi mnaiimba Jumapili na kupiga makofi." Nilikasirika. Nikamwambia mtu aliyenyang'anywa kwao ana haki ya kujipatia hata kwao kwa hadithi, na kwamba yeye amepewa nchi na Mungu na bado analalamika. Akasema hajapewa kitu chochote ila fleti hii, tena kwa kupanga foleni. Tuliendelea hivyo mpaka dakika zikaisha, nikavaa viatu kwa hasira, na nikiwa mlangoni akasema, "Debora, tusilinganishe. Tukianza kulinganisha tutagombana kila siku. Wewe njoo tu ule." Kesho yake nikaenda, nikala. Hadi leo, nikisikia watu wakipima maumivu ya hawa na ya wale nani kazidi, huwa nainuka na kutoka nje, na wenyeji wangu hudhani nimeudhiwa na chakula.

Aprili ndipo nilipomjua zaidi. Niliingia asubuhi nikakuta kwenye karo la jikoni mshumaa mfupi ndani ya bilauri, unawaka peke yake, jua liko nje na mwenyewe bado kitandani. Sisi wa hemtjänst tulifundishwa jambo moja kabla ya yote: mshumaa usio na mtu, zima. Nikaupuliza. Nilipomleta jikoni na kigari chake cha kutembelea, aliutazama ule moshi mwembamba. "Huyo uliyemzima," akasema taratibu, "ni mama yangu." Nikaomba msamaha mara sita, nikatafuta kiberiti nisikione ingawa kilikuwa mbele ya macho yangu. Akauwasha mwenyewe. Akaniambia mshumaa ule huwaka usiku na mchana mmoja, mara moja kwa mwaka, siku aliyokufa mtu. Nikauliza alijuaje siku waliyokufa. "Sijui. Hakuna aliyeniandikia. Nilisubiri barua miaka kumi na miwili, nikishtuka kila mtu wa posta anapopita. Mwaka wa kumi na tatu nikachagua siku. Kwetu inaruhusiwa: usipojua siku, unachagua. Kila mmoja nilimchagulia ile niliyomwona mwisho." Nikasema, na kama si siku yenyewe? Akasema, "Basi si siku yenyewe. Lakini siku nyingine zote za mwaka nikaachwa nilale." Akafungua kabati la juu ya karo. Ndani ya mlango wake palibandikwa kadi yenye majina matatu, kila moja na tarehe. "Baba yako mlimwona mwisho lini?" akauliza. Nikamtajia siku. "Jina?" Nikalitaja. Akachukua penseli iliyokuwa ikining'inia kwenye kalenda ya jikoni, akaandika pale kwenye kalenda, Oktoba. "Ikifika tutawasha," akasema. "Na mama yako aje."

Sikujua nimwambieje mama. Nililibeba lile neno Aprili yote na nusu ya Mei, treni kwenda treni kurudi, nikipanga sentensi na kuzipangua. Halafu ikaja ile Jumapili. Mchungaji, mtu wa Burundi mwenye huruma nyingi na subira kidogo, aliwaita wajane mbele waombewe. Wakatoka tisa. Akabaki akimtazama mama. Waimbaji wakarudia kiitikio mara ya tatu, ya nne, watu wote wakageuza shingo, na mama amekaa, mikono juu ya mkoba, macho kwenye sakafu. "Mama Debora," mchungaji akasema kwa upole ndani ya kipaza sauti, "kukubali nako ni imani." Niliona mabega ya mama yakishuka. Sikuweza kuvumilia. Nikasimama, nikasema nina ushuhuda, na kwa kuwa sikuwa na ushuhuda wowote, nikautoa ule niliokuwa nao: kwamba Mungu amenipa neema ya kumhudumia Myahudi halisi, mama aliyeponyoka kwenye mauaji, pale Vällingby, anayetupikia supu na kumpelekea mama yangu sukari. Ukumbi ukalipuka kwa vigelegele. Shingo zote zikageuka kwangu. Mama akapumua. Mimi nikaketi nikijiona shujaa, na kiapo cha kutunza siri nilichotia saini ofisini hakikunijia akilini hata mara moja.

Jumamosi moja ya Juni nilikuwa zamu ya mchana. Mama Tomas alikuwa amekaa kwenye kiti chake akila samaki wa siki na viazi vipya, akinisimulia ubaya wa daktari wake. Tukasikia ngoma chini kwenye ngazi. Kisha wimbo, sauti za wanawake, halafu kengele ya mlango wa ghorofa ya kwanza, halafu mlango ukigongwa kwa ngumi, na sauti ya mtu ikiuliza kwa Kiswidi cha kuvunjikavunjika, kwa furaha, kwa nguvu zote: "Tunamtafuta Myahudi! Myahudi anakaa wapi?" Mwanamume fulani akajibu, "Hapa hakuna Myahudi." Wakapanda ghorofa ya pili. Wakagonga. "Myahudi yuko hapa?" Nilizitambua zile sauti moja moja, nikaganda na sahani mkononi. Mama alikuwa anajua jengo, kwa kuwa aliwahi kuniletea funguo nilizosahau nyumbani, ila hakujua mlango, na lile jina la Kiswidi la mlangoni halikumsaidia kitu. Nilipogeuka, kiti kilikuwa tupu. Uma ulilazwa vizuri kando ya sahani. Kigari cha kutembelea kimeachwa. Nikaenda kwenye ukumbi wa kuingilia, na begi la nyuma ya mlango halikuwepo.

Nilimkuta ndani ya kabati la makoti. Alikuwa ameketi juu ya viatu, nyonga yake mbovu imekunjwa vibaya, begi mapajani, kiganja juu ya mdomo, na pumzi haisikiki. Sijui alifikaje mle bila kigari. Mlango wetu ukagongwa. Mimi mwenyewe niliwahi kulala chini ya kitanda cha jirani nikisikia ngumi zile zile kwenye mbao, na mwili wangu haukuuliza ni nani, uliinama wenyewe. Nikamnong'oneza, "Mama Tomas, ni mama yangu. Ni watu wa kanisa. Wamekuja kukubariki." Akanitazama kama asiyenijua. "Nani aliwaambia?" "Mimi." Akafumba macho. Nikafungua mlango kidogo. Walikuwa sita, wamevaa vitenge vya sherehe, mchungaji na kingoma chake, na mbele yao mama ameshika sufuria iliyofungwa kwa kitenge, inatoa mvuke. "Debora, tumeleta chakula ya mama," akasema akicheka. "Tumemutafuta jengo yote!" Mama akatazama nyuma yangu. Akaliona kabati lililo wazi, na mle chini ya makoti miguu miwili yenye soksi za kubana. Kicheko kikamwisha usoni. Yeye hakuhitaji kuelezwa. Akaweka sufuria chini sakafuni, taratibu, isilie. "Tushuke," akawaambia wenzake. "Tushuke sasa, na mutu asiimbe." Niliwasikia wakishuka kwa vidole, watu saba wazima, na kengele moja ndogo ya ngoma ikilia kila ngazi.

Mama Tomas hakuniambia neno jingine. Nilimtoa, nikamkalisha, nikaandika kwenye daftari la kazi kwamba amekula nusu. Jumatatu ofisi ikaniita. Nilieleza kila kitu, hata nisichoulizwa, nikarudisha funguo. Sikulaumu mtu, na aibu ile sikuweza kuigawa na mtu. Mtu aliyeokolewa kwa kufichwa alikuwa amekwenda kumtangaza mwenzake kwenye kipaza sauti. Kiangazi kile nilipanda treni mpaka Vällingby mara tatu au nne bila kazi yoyote, nikaketi uwanjani penye chemchemi, nikainuka, nikarudi. Oktoba ilipofika nikamwambia mama habari ya siku na mshumaa. Alikuwa anapepeta maharage. "Weye ushamaliza kumuzika baba yako?" akauliza. "Na mushumaa?" Sikurudia tena. Nilipata kazi nyingine, na nyingine, nikaolewa, nikazaa, nikaachika. Oktoba zikapita, mwanzoni nikizihesabu, baadaye nikiziacha zipite. Koti likabaki kwenye kulabu yake. Mama alilipiga brashi kila majira ya baridi yalipoanza.

Siku ile ile ya simu ya Slussen, kwa kuwa aliniomba nije upesi, Tomas alinipokea kwenye fleti ile ile. Sasa ni mtu wa miaka zaidi ya hamsini, mvi, macho mekundu, amezungukwa na maboksi. Kiti kinachotazama mlango kilikuwa bado mahali pake. Alifungua kabati la juu ya karo na kunionyesha kadi. Majina yalikuwa manne. La mwisho, kwa penseli iliyopitiwa mara nyingi ili isifutike: Simeoni, na siku yetu ya Oktoba. "Aliwasha kila mwaka," Tomas akasema. "Mimi nilidhani ni mjomba wake. Alipovunjika nyonga ya pili akawa ananipigia simu kule ninakoishi, Göteborg, kuniagiza niwashe na mimi, maana mikono yake ilitetemeka. Nimemkumbuka mjomba Simeoni miaka mingi. Nilimwonea huruma sana." Alitabasamu kwa haya. "Wiki zake za mwisho nikamuuliza alikuwa mtu wa namna gani. Akasema, sijui, ni baba wa Debora. Mtafute, mwambie sasa ni zamu yake." Nililia mbele ya mtu nisiyemjua, kwa sauti, nimeshika ukingo wa karo. Akangoja. Kisha akasema mama yake aliomba tu abadilishiwe mhudumu, hakuomba nifukuzwe, na alipojua nimeondoka alikuwa amechelewa, na kila mwaka alioacha kunipigia ulimfanya aone haya zaidi mwaka unaofuata. Hiyo niliielewa vizuri mno. Akanipa mshumaa kwenye bilauri. "Nimekuharakisha kwa sababu ni leo," akasema. "Huanza jua likizama."

Vällingby mpaka Vårby gård ni treni mbili, na sikukaa hata kwenye moja. Mama sasa ana miaka sabini na minane. Nilimkuta jikoni akichambua sombe, yale majani ya muhogo, nikamwambia yote nikiwa nimesimama, nimevaa koti, mshumaa mkononi. Hakunikatiza. "Ni ule mama wa mu kabati?" akauliza. Ndiyo. "Mwenye tulimutisha?" Ndiyo, mama. "Na alikuwa anawashia bwana yangu?" Kila mwaka. "Miaka ngapi?" Nikasema, yote, mama. Yote. Akanawa mikono, akaifuta kidole kimoja kimoja. Akaenda pale mlangoni, akalitoa lile koti kwenye kulabu, na ukutani nyuma yake pakaonekana alama nyeupe yenye umbo la mabega. Akarudi nalo, akaketi sakafuni, miguu amenyoosha, jinsi wanawake wa kwetu wanavyokaa msibani, koti juu ya mapaja. Nje dirishani jua lilikuwa linagusa paa za majengo ya ng'ambo.

"Washa ya Simeoni," akasema.

Nikawasha. Nikaketi kando yake sakafuni, na kwa mara ya kwanza tangu sijui lini miguu yangu haikutaka kwenda popote. Tulikaa hivyo mpaka kukaanza kuwa giza. Kisha mama akaelekeza kidevu chake ukumbini. "Ende ufungue mlango, tena wazi kabisa. Matanga haikaliwe mlango imefungwa." Nikaenda, nikalisogeza begi kando, nikafungua, na baridi ya ngazini ikaingia pamoja na harufu ya vitunguu vya jirani. Nikatoa simu.

"Uite batu ba kanisa," mama akasema kutoka jikoni. "Ubaambie bwana yangu alikufa. Na ubaambie mlango iko wazi, mutu asigonge."